Milima, Mito na Miinuko ya Colorado: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Colorado ni jimbo la magharibi mwa Marekani lililokaa juu ya mgongo wa Milima ya Rocky. Wengi wanaouliza habari zake huanza na vilele: kipi kirefu, viko vingapi, vinapandwaje. Majibu yapo hapa chini. Ila nafasi kubwa nimeipa mito, kwa sababu watu wapatao milioni 40 wa majimbo saba ya Marekani na wa Meksiko wanategemea maji ya Mto Colorado, na sehemu kubwa ya maji hayo huanza kama theluji juu ya milima hii.

Colorado iko juu kiasi gani?

Wastani wa mwinuko wa jimbo zima ni kama mita 2,070 juu ya usawa wa bahari. Hakuna jimbo jingine la Marekani linalolifikia. Ni mwinuko wa Eldoret hivi, lakini umetandazwa kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 270,000.

Mahali pa chini kabisa ni pale Mto Arikaree unapovuka mpaka kuingia Kansas, mita 1,011. Kwa hiyo hakuna shamba, mtaa wala bonde la Colorado lililo chini ya mita 1,000. Upande wa mashariki ni tambarare kavu za nyasi na ngano. Katikati safu za milima zimefuatana moja nyuma ya nyingine: Front Range, Sawatch, Sangre de Cristo, Elk, San Juan. Kati ya safu hizo yamelala mabonde mapana ya juu, kama Bonde la San Luis, ambako watu wanalima viazi kwenye mita 2,300. Magharibi zaidi ni nyanda za juu zilizokatwakatwa na makorongo.

Ni kweli Denver iko maili moja kamili juu ya bahari?

Ndiyo, mita 1,609, ila inategemea umesimama wapi. Kwenye ngazi za jengo la bunge la jimbo kuna alama tatu za maili moja. Ya kwanza iliwekwa mwaka 1909 kwenye ngazi ya 15. Mwaka 1969 wanafunzi wa chuo kikuu walipima upya wakaiweka kwenye ngazi ya 18, na mwaka 2003 vipimo vipya vikaishusha hadi ngazi ya 13.

Mlima mrefu kuliko yote ni upi?

Ni Mlima Elbert, mita 4,401, katika safu ya Sawatch karibu na mji wa Leadville. Ndio mrefu kuliko yote katika Milima ya Rocky, kuanzia New Mexico hadi Kanada. Katika majimbo 48 yanayopakana, yaani bila Alaska na Hawaii, unazidiwa na Mlima Whitney wa California peke yake, tena kwa mita kama 20 tu. Jirani yake Elbert ni Mlima Massive, mita 4,398, na wa tatu ni Mlima Harvard, mita 4,396. Vilele vitatu vya juu vimepishana mita tano. Husimuliwa kwamba mashabiki wa Massive waliwahi kulundika mawe kileleni ili mlima wao uupite Elbert, na wa Elbert wakapanda kuyabomoa.

Pamoja na urefu wake, Elbert ni mlima mpole. Njia yake inafuata msitu, kisha mgongo mpana wa mawe na nyasi, na huhitaji kamba. Ugumu uko kwenye hewa nyembamba na mwendo mrefu. Tofauti na huo ni Capitol Peak katika safu ya Elk: ni mfupi kuliko Elbert, lakini kabla ya kilele kuna ukingo wa mwamba mwembamba kiasi kwamba wapandaji wengi huuvuka kwa kukaa kitako, mguu huku na mguu kule, wakijisogeza kwa mikono.

Mbona kitabu kimoja kinasema Elbert una mita 4,399 na kingine 4,401?

Mlima haujakua. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Colorado iko mbali sana na bahari, hivyo wapimaji hawana budi kukadiria usawa wa bahari ungekuwa wapi kama ungepita chini ya milima. Makadirio ya mwaka 1929 yaliupa Elbert futi 14,433, yaani mita 4,399. Yaliporekebishwa mwaka 1988 kwa vipimo bora zaidi, milima mingi ya Colorado iliongezewa mita moja hadi mbili kwenye karatasi. Ukikuta takwimu mbili zinazotofautiana kidogo hivyo, mara nyingi zote zilikuwa sahihi kwa mfumo wa wakati wake.

Vilele vya futi 14,000 ni vingapi?

Utasikia 53, 54 au 58. Futi 14,000 ni mita 4,267, na Wamarekani wanaopenda milima huvihesabu vilele vilivyovuka hapo kwa bidii kubwa. Wapo wanaotumia nusu ya maisha yao kuvimaliza vyote. Hesabu hutofautiana kwa sababu ya swali moja: nundu iliyo begani mwa mlima mwingine ni mlima au ni bega tu? Kanuni inayotumika sana inasema kilele kihesabiwe peke yake ikiwa ni lazima ushuke angalau futi 300, yaani mita 91, kabla ya kuanza kukipanda kutoka kwa jirani yake. Kwa kanuni hiyo unapata 53. Ukiongeza vyenye majina yake vilivyokosa sharti hilo, unafika 58. Wa mwisho kwenye orodha ni Sunshine Peak, ambao umeuvuka mpaka kwa futi chache tu.

Kipimo hiki ni cha kibinadamu. Nchi inayopima kwa mita isingekuwa na sababu ya kukiheshimu.

Je, kuna mlima wa Colorado unaoufikia Kilimanjaro?

Hapana. Kilimanjaro ina mita 5,895, karibu mita 1,500 zaidi ya Elbert. Hata Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,560, ungekuwa wa kwanza kama ungekuwa Colorado. Ila milima yetu mirefu husimama peke yake au kwa makundi madogo. Colorado ina mamia ya vilele vilivyopita mita 3,900, vimebanana. Ndiyo maana inakusanya theluji nyingi hivyo.

Kwa nini Mlima Evans sasa unaitwa Blue Sky?

John Evans alikuwa gavana wa Colorado kabla haijawa jimbo. Tarehe 29 Novemba 1864 wanajeshi waliivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho, makabila ya wenyeji, kando ya kijito cha Sand Creek, wakaua watu wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kambi hiyo ilikuwa imeahidiwa usalama. Evans alilazimika kujiuzulu mwaka uliofuata, lakini jina lake likabaki kwenye mlima unaoonekana kutoka Denver kila asubuhi. Bodi ya taifa ya majina ya mahali ililibadilisha Septemba 2023, kwa kutumia jina lililopendekezwa na Wacheyenne na Waarapaho wenyewe. Naona ni haki iliyochelewa sana. Ramani za zamani bado zina jina la Evans, kwa hiyo ukitafuta habari za mlima huu wa mita 4,350 tumia majina yote mawili.

Kwa nini inasemwa kwamba mito hutoka Colorado lakini haiingii?

Kwa sababu jimbo liko juu ya paa. Mgongo wa milima unaoitwa Mgawanyo wa Bara unapita katikati yake kutoka kaskazini hadi kusini. Tone linaloanguka magharibi mwa mgongo huo huelekea upande wa Pasifiki. Linaloanguka mashariki huelekea Ghuba ya Meksiko na Atlantiki. Mito minne mikubwa inaanzia hapa: Colorado wenyewe, Arkansas, South Platte na Rio Grande. Arkansas unaanzia karibu na Leadville na kwenda kuungana na Mississippi. South Platte unapita Denver na kukutana na North Platte huko Nebraska. Rio Grande unatoka milima ya San Juan, unapita Bonde la San Luis, kisha unakuwa mpaka wa Texas na Meksiko.

Mto mkubwa unaoingia kutoka nje ni Green, unaokata kona ya kaskazini magharibi na kutoka tena kuingia Utah. Basi. Jimbo linaloishi kwa maji yanayoanguka juu yake lenyewe haliwezi kumlaumu jirani wa juu mwaka wa ukame unapofika, kwa kuwa halina jirani wa juu.

Mto Colorado unaanzia wapi hasa?

Kwenye La Poudre Pass, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Hapo ni kijito cha kurukwa na mtoto, kikipita kwenye majani ya kinamasi. Kutoka hapo unasafiri kilomita zipatazo 2,330, unapita Utah na Arizona, ambako umechimba Grand Canyon, kisha mipaka ya Nevada na California, hadi Meksiko.

Zamani sehemu ya juu ya mto ilikuwa na jina tofauti, Grand. Jimbo lilitaka mto wenye jina lake uanzie kwenye ardhi yake, na mwaka 1921 Bunge la Marekani likakubali. Jina la zamani limebaki kwenye Grand Lake, ziwa la asili kubwa kuliko yote katika jimbo, na kwenye mji wa Grand Junction, mahali Mto Gunnison unapoingia.

Theluji ina uhusiano gani na mito?

Kwa maoni yangu hili ndilo lingestahili kuulizwa kwanza. Mvua za kiangazi katika Colorado ni za manyunyu na radi, na nyingi hunyonywa na ardhi au hukauka. Maji ya mito hutoka kwenye theluji iliyolundikana kuanzia Novemba hadi Aprili. Inakaa juu huko, imeganda, bila bwawa wala ukuta, na joto la Mei na Juni linaiachilia polepole wakati hasa mashamba ya chini yanapoanza kuhitaji maji. Mito hufurika mwishoni mwa Mei na Juni, hata kama hakuna tone la mvua lililoanguka wiki hiyo.

Kwa hiyo watu wa maji hawaulizi theluji ina kina gani, wanauliza ina maji kiasi gani. Theluji laini ya mita moja inaweza kuwa na maji machache kuliko theluji nzito ya nusu mita. Namna ya zamani ya kupima bado inatumika. Mpimaji anafika kwa viatu vya theluji au kwa ski kwenye mstari ule ule unaopimwa kila mwaka. Anachukua bomba la alumini lenye meno ya chuma mdomoni, analizungusha huku akilisukuma hadi liguse udongo. Analichomoa, anatazama kama kuna udongo kidogo mwishoni, dalili kwamba amefika chini kweli. Kisha analining'iniza kwenye mizani pamoja na theluji iliyomo. Upana wa bomba umechaguliwa ili aunsi moja ya uzito iwe sawa na inchi moja ya maji, kwa hiyo anasoma jibu palepale, mikono ikiwa ndani ya glavu, bila kupiga hesabu. Aliyebuni njia hii mwanzoni mwa karne ya 20 ni James Church, mwalimu wa Kilatini huko Nevada aliyependa kupanda milima wakati wa baridi.

Siku hizi vituo vya kujiendesha vimetapakaa milimani. Kila kimoja kina mfuko bapa uliojaa kimiminika kisichoganda; theluji inaulalia, uzito wake unapimwa, na takwimu zinatumwa bila mtu kupanda. Wakulima, mameneja wa mabwawa na miji hadi California huzifuatilia kutwa kucha.

Kuna jambo linalotisha. Upepo huokota vumbi kutoka majangwa ya kusini magharibi na kulimwaga juu ya theluji ya Colorado. Theluji nyeupe hurudisha mwanga wa jua. Iliyochafuka huumeza, na huyeyuka wiki kadhaa kabla ya wakati wake. Maji yanafika mapema, na Agosti mto umebaki mawe.

Ni kweli maji hupitishwa chini ya milima kwenda upande wa pili?

Ni kweli. Karibu asilimia 80 ya maji ya jimbo yako magharibi mwa Mgawanyo wa Bara, na watu zaidi ya 8 kati ya 10 wanaishi mashariki, kwenye mstari wa miji ya Fort Collins, Boulder, Denver na Colorado Springs. Kwa hiyo mlima ulitobolewa. Handaki la Alva B. Adams lina urefu wa kilomita 21, linapita chini ya Hifadhi ya Rocky Mountain, na lilianza kupitisha maji mwaka 1947. Maji hupandishwa kwa pampu kutoka bwawa la Granby hadi usawa wa Grand Lake, yanaingia handakini, na kutoka hapo yanateremka yenyewe mpaka upande wa Estes Park, yakizungusha mitambo ya umeme njiani. Handaki hili si la peke yake. Yako mengine kadhaa.

Watu wa magharibi hawajawahi kulifurahia jambo hili, na ninawaelewa. Maji yanayovuka mgongo hayarudi tena kwenye mto wao.

Nani mwenye haki ya maji?

Aliyetangulia kuyatumia. Sheria ya Colorado haijali nani anaishi kando ya mto. Inajali nani alianza kuyachota na kuyatumia kwa faida, na mwaka gani. Haki ya zamani zaidi inayotumika mfululizo ni ya mfereji wa wanakijiji wa San Luis, uliochimbwa mwaka 1852 na wakulima wenye asili ya Meksiko. Mwaka wa ukame, mwenye haki ya 1852 hupata maji yake yote kabla ya mwenye haki ya 1950 kupata hata ndoo moja.

Sheria hii ilikwenda mbali sana. Hadi mwaka 2016 wenye nyumba wengi hawakuruhusiwa kukinga mvua ya paa lao, kwa hoja kwamba tone hilo lilikuwa njiani kwenda kwa mtu mwingine mtoni. Sasa wanaruhusiwa mapipa mawili, jumla lita 416.

Kwa nini Mto Colorado haufiki tena baharini?

Kwa sababu umegawanywa kupita uwezo wake. Mkataba wa 1922 uliyapa majimbo ya sehemu ya juu na ya sehemu ya chini ya mto mita za ujazo kama bilioni 9.25 kila upande kwa mwaka, na mkataba wa 1944 ukaiahidi Meksiko karibu bilioni 1.85. Jumla inapita bilioni 20. Lakini wajumbe wa 1922 walitegemea vipimo vya miaka yenye maji mengi kuliko kawaida. Tangu mwaka 2000 mto umekuwa ukileta karibu bilioni 15 kwa wastani. Makabila ya wenyeji hayakualikwa mezani mwaka 1922, na watu wa Meksiko pia hawakuwepo.

Mwaka 2014 Marekani na Meksiko ziliachilia maji kwa makusudi kwenye mkondo mkavu wa chini, na mwezi Mei yakaigusa Ghuba ya California. Miti ya delta iliitikia haraka. Inaonyesha kwamba mto haujafa, umezuiwa.

Kuna mto uliowahi kugeuka rangi ya machungwa?

Ndiyo, Mto Animas, tarehe 5 Agosti 2015. Milima ya San Juan imejaa mashimo ya migodi ya dhahabu na fedha iliyoachwa. Wafanyakazi wa shirika la serikali kuu la mazingira walipokuwa wakishughulikia mgodi wa Gold King, kizuizi kilifumuka na lita zaidi ya milioni 11 za maji yenye metali zikamwagika. Mto ulipita Durango ukiwa na rangi ya haradali, ukaingia Mto San Juan, na wakulima wa kabila la Wanavajo huko chini wakafunga mifereji yao katikati ya msimu wa mahindi.

Milima hii iliundwaje?

Si kwa volkano, kama wengi wa kwetu wanavyodhani. Kati ya miaka milioni 70 na 40 iliyopita, bamba la sakafu ya Pasifiki lilijipenyeza chini ya bara kwa mlalo mdogo na kuusukuma mwamba wa zamani juu, ndani kabisa ya nchi kavu. Ndiyo maana mwamba ulioko vileleni una umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. San Juan ndiyo iliyo tofauti: hiyo ni kazi ya volkano, na mlipuko wa La Garita, miaka milioni 28 hivi iliyopita, ni miongoni mwa mikubwa inayojulikana duniani.

Natoka Nairobi. Nitasumbuliwa na hewa nyembamba?

Denver haitakusumbua, Nairobi iko juu zaidi, karibu mita 1,800. Anayetoka Mombasa, Dar es Salaam au Muscat ndiye atakayehema ngazini siku za kwanza. Lakini Leadville iko karibu mita 3,100, na vilele viko juu ya 4,200, ambako kila pumzi ina oksijeni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani. Hapo hata Mnairobi anapaswa kulala usiku mmoja au miwili katikati ya safari. Kichwa kuuma na kukosa usingizi ni kawaida. Ukianza kutapika, kupepesuka au kukohoa bila kukoma, shuka siku hiyohiyo, usingoje kupambazuke. Na kama umeishi Houston, karibu na usawa wa bahari, mwaka mzima, usijivunie Nairobi yako. Mwili huusahau mwinuko baada ya wiki chache.

Jikoni nako utaona tofauti. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi Denver na karibu 90 Leadville, kwa hiyo maharage hayaivi upesi hata moto ukiwa mkali vipi. Tumia sufuria ya presha.

Kwa nini wapandaji huambiwa wawe wameshuka kabla ya saa sita mchana?

Radi. Julai na Agosti, anga ya asubuhi huwa bluu kabisa, na saa nane mchana wingu jeusi liko kichwani. Miti huishia kwenye mita 3,500 hivi, na kutoka hapo kwenda juu wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Ndiyo maana wenyeji huanza kupanda saa kumi alfajiri kwa tochi za kichwani. Ukihisi nywele zinasimama au ukisikia fimbo ya chuma ikivuma, acha kilele na uteremke mara moja.

Naweza kufika juu kwa gari?

Unaweza. Barabara ya Mlima Blue Sky ndiyo ya lami iliyo juu kuliko zote Amerika Kaskazini, mita 4,310 hivi. Pikes Peak, mita 4,302, una barabara na pia treni inayopanda kwa gurudumu lenye meno, iliyoanza mwaka 1891. Barabara ya Trail Ridge, ndani ya Hifadhi ya Rocky Mountain, inafika mita 3,713. Barabara ya Blue Sky na Trail Ridge hufungwa majira ya baridi. Trail Ridge kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei na kufungwa Oktoba, ikitegemea theluji. Kagua taarifa za hifadhi asubuhi ya safari, na ukishuka tumia gia ndogo badala ya kukanyaga breki njia nzima.